Utafiti wa Katavi urudi Katavi

Katika vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, kuuza hewa si mzaha wa vijiweni tena. Vijiji vinane vinavyoizunguka misitu ya milima ya Ntakata, vikiwamo Mwese, Katuma na Kapanga, vinalipwa kwa sababu miti yao haikukatwa. Fedha za hewa ukaa zimejenga madarasa na zahanati, na zimewalipa vijana wa doria. Mnunuzi yuko ng'ambo. Bidhaa yenyewe haishikiki, haipakiwi kwenye lori, haina ghala. Kinachouzwa hasa ni namba.

Namba hiyo ina njia yake. Watu huingia msituni na utepe, hutenga vipande vya msitu, kisha hupima unene wa kila mti kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Unene huo husaidia kukadiria uzito wa mti, na karibu nusu ya uzito wa mti uliokauka ni kaboni. Picha za setilaiti nazo huonyesha msitu umebaki kiasi gani. Hapo hesabu bado iko nusu, kwa kuwa anayelipa halipii miti iliyopo. Analipia miti ambayo ingekatwa kama mradi usingekuwepo. Kwa hiyo lazima mtu akadirie jambo ambalo halikutokea, na penye makadirio ya namna hiyo ndipo mabishano huanzia. Januari 2023 vyombo vya habari vya Uingereza na Ujerumani vilichapisha uchunguzi uliodai kuwa miradi mingi ya misitu duniani ilitia chumvi kwenye makadirio hayo. Agosti mwaka huohuo jarida la Science likatoa utafiti uliopitia miradi 26 katika nchi sita na kuona kwamba mingi haikuwa imezuia ukataji kwa kiasi kilichotangazwa. Wenye miradi na wataalamu wengine wakajibu, nao wakakosoa njia iliyotumiwa na wakosoaji wao.

Mwanakijiji wa Mwese ana haki ya kujua yote hayo. Siku mnunuzi atakaposema namba ni ndogo kuliko alivyotarajia, au siku mkaguzi atakapobadili kanuni, kijiji kisichojua namba yake ilivyopatikana hakitakuwa na la kusema. Kitapokea kitakachopewa. Kwa maana hiyo sayansi imekwishatoka kwenye daftari la kidato cha nne na kuingia kwenye bajeti ya kijiji.

Jambo la kushangaza ni kwamba Katavi na majirani zake wa karibu ni miongoni mwa sehemu ambazo dunia imezijia kujifunza kwa miongo mingi. Watafiti wamekuja kutoka Japani, Uingereza na Marekani, wamekaa miaka, na wamerudi kwao na mambo mazito. Mambo hayo yamechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo mtendaji wa kata hajawahi kuyaona. Njia ya kwenda imekuwa wazi siku zote. Njia ya kurudi ndiyo imejaa nyasi.

Chukua kisa cha sokwe aliyeitwa Chausiku. Aliishi katika milima ya Mahale, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma unaopakana na Katavi. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walianza kuwafuatilia sokwe wa Mahale mwaka 1965, miaka 20 kabla eneo hilo halijawa hifadhi ya taifa. Novemba 1987 mtafiti kijana, Michael Huffman, alikuwa msituni pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, askari wa wanyamapori na Mtongwe aliyezaliwa katika ukoo wa waganga. Wakamwona Chausiku akiwa mnyonge. Alilala mchana, wakati wenzake wanakula. Mkojo wake haukuwa na rangi ya kawaida. Baadaye akakikaribia kichaka kimoja, akavuta matawi machanga, akayamenya maganda na majani, akaanza kutafuna kiini cha shina na kufyonza maji yake. Mwanawe aliyekuwa karibu hakuendelea na chakula hicho cha mama.

Huffman alitaka kujua mmea ule ni nini. Mohamedi akamweleza kuwa ni mjonso, na kwamba ni dawa kali ambayo Watongwe huitumia kwa homa, maumivu ya tumbo na minyoo. Waganda huujua kwa jina la mululuza. Wataalamu wa mimea huuita Vernonia amygdalina. Ni mchungu kiasi kwamba huko Nigeria, ambako majani yake hupikwa kuwa mboga, lazima yafikichwe na kuoshwa kwanza. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu na anakula vizuri.

Je, mjonso ulimponya? Hapa ndipo wengi husema ndiyo na kwenda zao. Lakini mgonjwa mmoja aliyepona si ushahidi wa kutosha. Pengine angepona hata bila mjonso, kama mafua yanavyopona yenyewe. Pengine alitafuna kwa njaa tu. Huffman na Mohamedi waliandika walichokiona, wakakichapisha pamoja mwaka 1989 katika jarida la Primates, jina la Mohamedi likiwa juu ya makala sawa na la mwenzake, kisha kazi ya kujiuliza ikaendelea. Mwaka 1991 sokwe mwingine wa kike alionekana akitafuna mjonso, na safari hii kinyesi chake kilikusanywa kabla na baada. Chini ya hadubini yakahesabiwa mayai ya minyoo katika kila gramu: mwanzoni 130, saa 20 baadaye 15. Kyoto nako, wanakemia wakiongozwa na Koichi Koshimizu na Hajime Ohigashi wakauchambua mmea na kukuta kemikali zinazodhoofisha vimelea vya kichocho na vya malaria katika maabara. Ikaonekana pia kwamba minyoo hiyo huongezeka msimu wa mvua, na msimu huohuo ndio sokwe hutafuna zaidi.

Kila hatua ilifunga mlango mmoja wa kutorokea. Hesabu ya mayai ilipunguza uwezekano wa bahati. Kemia ilionyesha dawa ingeweza kufanya kazi kwa njia gani. Msimu ulionyesha kwamba tabia hiyo huenda sambamba na ugonjwa. Hata hivyo watafiti wenyewe hawakutangaza kwamba mjonso unatibu kila kitu, na hakuna aliyepewa kibali cha kuwauzia watu mjonso wa kopo kwa sababu ya Chausiku.

Na kuna sehemu ya pili ya kisa hicho, ambayo husimuliwa mara chache kwa kuwa haina ushindi wa haraka. Sokwe wa Mahale na wa Gombe wana tabia nyingine: asubuhi, kabla ya kula, humeza majani mazima yenye manyoya magumu, bila kuyatafuna. Mwaka 1983 Richard Wrangham na Nishida waliiandika tabia hiyo. Mwaka 1985 kundi la wataalamu likatangaza kuwa ndani ya majani ya Aspilia, mojawapo ya mimea hiyo, kuna kemikali kali inayoua vimelea. Habari ikaenea, ikaandikwa hata vitabuni. Kisha maabara nyingine zikarudia kipimo, na mwaka 1997 ikachapishwa kwamba kemikali hiyo haikuonekana kwenye majani. Jambo lenyewe likageuka: minyoo hutolewa na mkwaruzo wa majani, si na sumu. Majani yale magumu hupita tumboni bila kusagwa, huharakisha choo, na hutoka pamoja na minyoo mizima ambayo watafiti waliikuta kwenye kinyesi.

Mtu anayependa majibu ya kudumu ataona hapo aibu ya wanasayansi. Walisema hili, leo wanasema lile. Lakini ni nani aliyegundua kosa? Ni wanasayansi wengine, kwa kutumia majani yaleyale, na hawakuhitaji ruhusa ya waliokosea. Utaratibu unaoweza kumwambia mkubwa kwamba amekosea, kwa ushahidi ambao yeyote anaweza kuurudia, ni adimu katika maisha ya umma Afrika Mashariki. Katika vyama vya siasa hauko. Misikitini na makanisani hautarajiwi. Katika ofisi nyingi hauna nafasi.

Linganisha na kilichotokea Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alisema ameoteshwa dawa, akawapa watu kikombe kwa shilingi 500. Misururu ya magari ikafika kilomita nyingi. Wakaenda wakulima, wakaenda mawaziri. Mti uliochemshwa, mugariga, nao ni mti wa dawa unaofahamika kwa jamii za huko, kama mjonso ulivyofahamika kwa Watongwe. Tofauti haikuwa kati ya uzungu na uasili, wala kati ya maabara na mganga. Mahale, dai liliwekewa vipimo kabla halijatangazwa kuwa tiba, vikiwamo vile ambavyo vingeweza kulikataa. Samunge, wagonjwa walikunywa kwanza, na wapo walioacha dawa za virusi vya Ukimwi kwa kuamini kwamba wamepona. Maswali yalikuja nyuma, na yaliyokuja mapema yalionekana kuwa ni ukosefu wa imani.

Dai lisilopimwa lina gharama kubwa kuliko nauli ya kwenda Loliondo. Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi ya Tanzania inajua vizuri mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, ushahidi mkubwa ukiwa macho mekundu. Bibi aliyepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho mekundu. Kipimo ni rahisi kiasi kwamba hakihitaji maabara: hesabu wanawake wote wa umri wake wenye majiko ya namna hiyo, uone wangapi wana macho kama yake. Hakuna aliyehesabu. Ramli ilitosha.

Sayansi haibagui pa kufanyia kazi, na mara nyingine huchagua pori la Katavi kuujibu mjadala ambao Ulaya imekuwa nao tangu enzi za Darwin. Katika Bonde la Issa, kwenye misitu ya miombo ya Wilaya ya Tanganyika, kuna sokwe wanaoishi katika nchi kavu yenye nyasi na miti iliyoachana, tofauti na wenzao wa misitu minene. Mwaka 2007 Adriana Hernandez-Aguilar na wenzake waliripoti kwamba sokwe wa eneo hilo hutumia vijiti kuchimba mizizi, jambo ambalo wengi walidhani ni la binadamu peke yake na mababu zake. Kazi ya Issa ikaendelezwa na Fiona Stewart na Alexander Piel, pamoja na Watanzania wanaoamka usiku kuwahi viota kabla sokwe hawajashuka.

Swali walilolibeba lilikuwa la zamani: kwa nini binadamu husimama kwa miguu miwili? Vitabu vya shule vimezoea kusema kwamba misitu ilipopungua, mababu walishuka mitini, wakavuka nyasi, wakasimama. Kama maelezo hayo ni sahihi, sokwe wa Issa wanaoishi kwenye nchi ya aina hiyo wangepaswa kukaa chini zaidi na kusimama chini zaidi. Rhianna Drummond-Clarke aliwafuatilia sokwe wazima 13 kwa miezi 15, akiandika kila baada ya muda uliopangwa: yuko juu au chini, amekaa, anatembea, ananing'inia, amesimama. Rekodi zikapita 13,000. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2022 katika jarida la Science Advances yalikwenda kinyume na matarajio. Sokwe hao walikaa mitini muda usiopungua ule wa sokwe wa misitu minene, na zaidi ya asilimia 85 ya nyakati waliposimama kwa miguu miwili walikuwa juu ya miti, wakifuata matunda na majani.

Utafiti huo haukumaliza ubishi. Sokwe wa leo si babu wa binadamu, na watafiti waliliandika hilo wenyewe. Ila maelezo yaliyokuwa yakikaririwa kana kwamba yameonekana kwa macho sasa yanapaswa kubeba mzigo wa ushahidi kutoka Katavi. Mwanafunzi wa sekondari Mpanda bado anafundishwa kwamba mababu walishuka mitini kwa sababu ya nyasi. Aliyemrekebisha mwandishi wa kitabu chake alilala kwenye hema ndani ya mkoa wake.

Yapo mambo yanayowagusa watu wa Mpanda kwa karibu zaidi kuliko miguu ya mababu. Mto Katuma ni mojawapo. Unatoka kwenye vilima vya magharibi, unapita penye mashamba ya mpunga ya Kakese na Mwamkulu, unafika Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471. Ndani ya hifadhi unayalisha maziwa ya Katavi na Chada, kisha maji yanaelekea Ziwa Rukwa. Kiangazi kikikolea, viboko hujazana katika madimbwi yaliyobaki, migongo ikigusana, matope yakigeuka ya kijani. Watalii hulipa dola kuja kuona msongamano huo. Kwa mto, ni dalili ya ugonjwa.

Nani ameukausha Katuma? Ukimuuliza mkulima wa Mwamkulu atasema mvua zimepungua. Wahifadhi watataja mabanio na mifereji. Wengine watawataja wafugaji na ng'ombe wao, na wengine wakata mkaa. Kila mmoja anasema kwa uhakika, na kila mmoja anamtaja mwenzake. Katika hali hii sauti kubwa haisaidii, kipimo husaidia. Kama tatizo ni mvua peke yake, maji yatapungua juu ya mashamba na chini ya mashamba kwa uwiano unaokaribiana. Kama tatizo ni mabanio, maji yatakuwepo juu na kutoweka chini, siku hiyohiyo, jua hilohilo. Ubao wa kupimia kina cha maji ukisimikwa sehemu mbili, akapatikana mtu wa kuandika kila asubuhi, na kipimo cha mvua kikawepo karibu, baada ya misimu michache ubishi unapungua ukali.

Mwaka 2010 Manase Elisa, Jmaii Gara na Eric Wolanski walichapisha mapitio yao kuhusu tatizo la maji katika hifadhi za Tanzania, wakiuweka Katuma na Ziwa Rukwa katikati ya mjadala. Waliyanyooshea kidole matumizi ya ardhi na maji nje ya hifadhi: umwagiliaji usiodhibitiwa, mabwawa, uharibifu wa vyanzo. Utafiti huo ulifanywa kwa ajili ya mto ambao maelfu ya watu wanaunywa na kuulimia. Ni vijiji vingapi kando ya Katuma vimewahi kusomewa hata ukurasa mmoja wake kwa Kiswahili?

Hata vingesomewa, kuna kazi ambayo sayansi isingeifanya. Vipimo vinaweza kusema maji yanapotelea wapi na kiasi gani. Haviwezi kusema kati ya mpunga wa Mwamkulu na viboko wa Sitalike nani anywe kwanza. Huo ni uamuzi wa wananchi, halmashauri na bodi ya bonde la maji, na unapaswa kufanywa hadharani. Mtaalamu anayetumia takwimu zake kuficha uamuzi wa kisiasa anaidhulumu sayansi sawa na mwanasiasa anayezitupa takwimu kwa kuwa hazimpendezi. Wananchi wakizishika namba wenyewe, hila zote mbili huwa ngumu.

Mfano wa utafiti uliorudi nyumbani upo, tena ndani ya Katavi. Kule Mpimbwe, Tim Caro na Monique Borgerhoff Mulder wamefanya utafiti wa wanyama na wa jamii tangu miaka ya 1990. Emily Fitzherbert na wenzake, ambao Caro ni mmoja wao, walichunguza kwa nini simba wanauawa. Desturi ya Wasukuma ilimpa heshima mtu aliyeua simba aliyevamia mifugo: hucheza kwa ndugu na majirani, nao humtuza ng'ombe au fedha. Watafiti walibaini, na mwaka 2014 wakachapisha, kwamba baadhi ya wauaji hawakuwa wakilipiza kisasi cha ng'ombe tena. Walikuwa wakiwafuata simba porini kwa ajili ya tuzo. Desturi ya kulinda mifugo ilikuwa imegeuka biashara.

Taarifa hiyo haikuishia kwenye jarida. Mradi wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ukaipeleka kwa wenye desturi wenyewe, kwa serikali za vijiji na viongozi wa kimila. Walipoona kwamba wanawatuza watu ambao hawakulinda ng'ombe wa mtu yeyote, vijiji vikaweka sheria ndogo za kukataza tuzo kwa muuaji ambaye simba wake hakuwa ameshambulia mifugo. Askari wenye bunduki wasingeweza kufanya hivyo. Wazee walishawishika kwa kuonyeshwa jambo walilokuwa na uwezo wa kulihakiki wenyewe, kwa kuwa tuzo zilitoka kwenye mazizi yao.

Karema nayo, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, imewahi kuona elimu inayokaa. Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi ya Mali ya leo, alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu wa mwambao huo kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuja kuchukua sampuli na kuondoka. Mgonjwa ambaye dawa ilimshinda alikutana naye tena sokoni, na daktari ambaye lazima akutane na makosa yake sokoni hujifunza haraka.

Si haki kuwataka watafiti wote wahamie Karema. Ni haki kuwataka waache risiti. Mtafiti yeyote wa kigeni anayeingia nchini huomba kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Anayetafiti wanyamapori hupitia pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Ripoti hutakiwa, na hupelekwa Dar es Salaam na Arusha. Kibali kinaweza kuongezewa sharti moja lisilo na gharama kubwa: kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, zinazosema swali lilikuwa nini, lilipimwaje, limeonekana nini na nini bado hakijulikani, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji kilichotoa msaidizi, njia au maji ya kunywa, na zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mtafiti au mwakilishi wake akiwepo kujibu maswali.

Watakaopinga wapo. Watasema wanakijiji hawataelewa. Watu walioweza kumfundisha Huffman mjonso ni nini, na walioweza kumtambua sokwe kwa umbo la sikio lake akiwa mita 50 juu ya njia, wataelewa kurasa mbili. Watasema pia kwamba matokeo yanabadilika, hivyo yatawachanganya watu. Yabandikwe na mabadiliko yake. Mtu aliyeona jinsi dai la kemikali ya Aspilia lilivyokufa, na nani aliyeliua, hatadanganywa kirahisi na mwuza dawa wa stendi ya Mpanda anayedai dawa yake haijawahi kushindwa.

Pingamizi zito kuliko hayo ni la fedha na watu. Mtafiti hupimwa na chuo chake kwa idadi ya makala za Kiingereza, hakuna anayempandisha cheo kwa karatasi iliyobandikwa Kapanga. Hapo ndipo vyuo vya Tanzania vinapaswa kuanza. Sokoine na Dar es Salaam vinaweza kuamua kwamba tasnifu ya mwanafunzi aliyekusanya data Katavi haipokelewi bila muhtasari wa Kiswahili wenye mhuri wa mtendaji wa kijiji kuthibitisha kuwa umesomwa. Halmashauri za Tanganyika, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Manispaa ya Mpanda zinaweza kutenga kabati moja katika kila shule ya sekondari ya kata kwa ajili ya mihtasari hiyo, ili mwalimu wa baiolojia akifundisha minyoo afundishe kwa mayai 130 na 15, na mwalimu wa jiografia akifundisha mito awapeleke wanafunzi Katuma na ubao wa kupimia.

Vijiji vinavyolipwa kwa hewa ukaa vina nguvu zaidi, kwa kuwa vina mkataba. Vinaweza kudai kwamba kila malipo yaje na maelezo ya hesabu: vipande vingapi vya msitu vilipimwa, lini, makadirio ya miti ambayo ingekatwa yalitoka wapi, na nani mwingine ameyahakiki. Msomi wa kijiji akipata karatasi hiyo, akakuta kipande kilichoandikwa kuwa na msitu kimekwishalimwa mahindi, aseme kwenye mkutano, na kauli yake iingizwe kwenye muhtasari wa kikao kabla fungu linalofuata halijapokelewa.